Aliyeajiriwa Asielewe

Mwenye nyumba mmoja alikuwa na mama aliyepooza upande wa kulia, akatafuta mtu wa kumuuguza. Mwenye nyumba huyo aliitwa Chande. Nyumba yake ilikuwa sehemu ya juu ya mji, yenye ukuta na lango la chuma, na katika mikutano ya mji alikaa viti vya mbele. Kazi aliyoitangaza ilikuwa kumwosha mgonjwa, kumlisha, na kumgeuza kitandani ili mgongo usifanye vidonda. Lakini sharti la kwanza halikuwa la kuosha wala la kugeuza. Alitaka mtu mwenye Kiswahili safi, kisicho na lafudhi ya popote.

Chini ya mji huo kulikuwa na korongo refu, na ndani yake waliishi tangu zamani watu wachache wenye lugha yao. Wao wana jina lao la kujiita. Mji uliwaita Wakorongo, na lugha yao Kikorongo, na utani ukaanzia hapo, kwa sababu korongo ni ndege pia. Mkorongo akipita sokoni aliulizwa kama ameshuka kunywa maji au ametua tu. Kiswahili walikijua wote, maana hakuna lugha nyingine ya kuuzia sokoni. Jambo moja tu liliwatoa hadharani. Kwao mtu akikubali hasemi ndiyo. Huvuta pumzi ndani kidogo, katikati ya meno, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Ni adabu yao, kwa kuwa kumtolea mkubwa pumzi usoni ni kumpulizia kama moto. Mkorongo huvuta pumzi hiyo tangu mtoto, wala hajui kwamba ameivuta.

Msimamizi wa nyumba ya Chande, Bi Tausi, aliijua ishara hiyo, na yeye ndiye aliyewasaili walioomba kazi. Aliwakaribisha vizuri. Aliwapa kigoda, akawauliza habari za nyumbani, akazungumza nao mpaka wakalegea. Kisha aliuliza jambo dogo, haraka, huku akitazama pembeni.

"Kwa hiyo umekuja kwa miguu, mama?"

Mwanamke akavuta pumzi.

"Basi rudi kwa miguu hiyo hiyo," alisema Bi Tausi, na lango likafunguliwa.

Mmoja wa walioitaka kazi hiyo alikuwa Ndekwa. Mume wake alifukiwa na kifusi akichimba mchanga, akamwachia watoto wawili wadogo. Aliwaacha kwa wifi yake huko korongoni, naye wifi alikuwa na wake wa kulisha. Ndekwa alikwisha kuomba kazi katika hoteli, wakamwambia wageni hawatamwelewa, ingawa aliyemwambia hivyo alimwelewa. Aliomba jikoni katika shule ya bweni, wakamwambia watoto wataokota usemi wake. Hakuna mahali palipomuuliza anajua kufanya nini. Wifi yake hakumfukuza, lakini alianza kuwapakulia watoto wa Ndekwa baada ya wake, na Ndekwa aliliona hilo.

Akapanga kijichumba nyuma ya gereji, mahali ambapo mafundi huzungumza mchana kutwa, akawa anawasikiliza na kurudia maneno yao kwa sauti ya chini. Sauti za lugha alizipata. Ila mazoea ya kuvuta pumzi hayakumtoka. Ndipo akaanza kuweka punje ya mahindi nyuma ya meno. Kila alipojisahau akavuta pumzi, punje ilikimbilia kooni, naye akakohoa mpaka machozi yakatoka. Siku moja nusura imkabe. Aliendelea hivyo mpaka pumzi ikamwogopa. Alipoona anaweza kuulizwa jambo ghafla na akajibu ndiyo kwa mdomo, alivaa kanga safi, akajipa jina la Zamda, akapanda kwenda nyumba ya Chande.

Bi Tausi alimpa kigoda. Alimuuliza hili na lile kwa muda mrefu. Kisha akageukia sufuria lililokuwa jikoni, akasema, "Nawe njaa inakuuma, siyo?"

"Ndiyo, Bi Tausi," alisema Ndekwa. "Kama harufu ni hiyo, nani hataumwa?"

Bi Tausi akacheka, akampakulia. Ndivyo alivyoipata kazi. Masharti aliyaambiwa wakati anakula. Katika nyumba ile lugha ni moja. Atakayesikika na Kikorongo, hata neno la kubembelezea mtoto, ataondoka siku hiyo hiyo.

Alipoingizwa chumba cha mgonjwa, Ndekwa alifahamu sharti lile lilikuwa la nini.

Mama yake Chande, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa, alikuwa Mkorongo. Mjini hapakuwa na aliyejua. Alipanda kutoka korongoni akiwa bado kijana, amemshika mwanawe mkono, akakisema Kiswahili miaka yote ile kama aliyezaliwa nacho. Kiharusi kilipompiga kilimchukulia mkono, mguu na Kiswahili. Lugha ya kwanza tu ndiyo iliyobaki. Alizinduka akiwa na Kikorongo chake chote, hata maneno ambayo vijana wa huko hawayajui tena, na lugha nyingine ya kusema hakuwa nayo. Chande aliwaambia watu wa nyumbani kwamba yale ni maneno ya ugonjwa, hayana maana, wasiyasikilize. Waliamini; hata Bi Tausi aliijua ile pumzi tu, lugha yenyewe hakuijua. Wengine wanaposimulia habari hii husema Chande hakumpenda mama yake. Sivyo. Alimnunulia godoro bora kuliko lake na alimletea daktari. Ila hakumtafutia mtu wa kumwelewa. Alimtafutia mtu ambaye hatamwelewa, na sharti la lugha safi lilikuwa ndilo chujio lake.

Bi Mkubwa alipomwona muuguzi mpya alisema, kwa Kikorongo, "Mwanangu, mgongo. Chini kidogo ya bega."

Ndekwa alijifanya hakuelewa. Alichukua kitambaa cha maji ya vuguvugu, akaanza kumsugua shingoni, akateremka polepole, na mkono ukafika chini kidogo ya bega kana kwamba umepita tu. Bi Mkubwa akatulia. Ikawa hivyo siku zilizofuata. Mzee alisema uji una moto, na kijiko kikachelewa kidogo. Alisema jua linampiga machoni, na pazia likavutwa. Watu wa nyumbani walistaajabu. Bi Tausi alisema hadharani kwamba hajaona mtu mwenye mkono mwepesi kama wa Zamda, na kwamba mgonjwa ameacha kupiga kelele tangu aje. Kila mwisho wa wiki alimfungia unga na maharage, na wifi huko korongoni akaanza kuwapakulia watoto wote pamoja.

Jikoni, Bi Tausi alipenda kuzungumza naye.

"Hivi Zamda, kwenu hasa ni wapi?"

"Hapa hapa mjini, Bi Tausi. Nyuma ya gereji."

"Ndiyo maana. Mtu wa mjini hafichiki. Hao ndege wengine unamwambia lete sinia, anavuta pumzi kama kakanyaga mwiba. Unabaki hujui anakuitikia au anaumwa tumbo."

Waliokuwepo wakacheka. Ndekwa naye alicheka, na alihakikisha hakuwa wa kwanza kunyamaza.

Katika nyumba hiyo palikuwa na mfuaji wa nguo, mwanamke wa makamo, jina lake Mbuke. Naye alikuwa wa korongoni, na hakujulikana kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache na kazi yake ilikuwa uani. Siku moja Ndekwa alikuwa ameenda kumwaga maji, na Bi Mkubwa akaita kupitia dirishani kwamba ana kiu. Mbuke, mikono ikiwa ndani ya povu, akajibu kwa lugha yao, "Naja." Lilikuwa neno moja, na lilimtoka kama linavyomtoka mtu yeyote akiitwa na mzee. Bi Tausi alikuwa mlangoni, na ingawa neno hakulielewa, alisikia kwamba si Kiswahili. Mbuke alitolewa saa ile ile. Nguo zilibaki ndani ya beseni, na ni Ndekwa aliyeambiwa azisuuze. Alizisuuza, akazianika. Mbuke alipopita langoni alimtazama mara moja, akamtambua kuwa ni wa kwao, akatazama mbele. Hakumtaja, wakati huo wala baadaye.

Tangu siku hiyo Ndekwa alikuwa mwangalifu zaidi. Lakini Bi Mkubwa alikuwa amepooza mwili, hakupooza akili. Siku moja akiwa anaogeshwa alimkazia macho, akauliza, "Wewe ni binti wa nani?"

Ndekwa alikamua kitambaa. "Inua kidogo shingo, Bi Mkubwa," alisema kwa Kiswahili.

Mzee akacheka kwa nusu ya mdomo. "Umefundishwa vizuri," alisema kwa lugha yao. "Hata mimi niliwahi kufundisha."

Akamsimulia, kama mtu anayezungumza na ukuta. Walipofika mjini na mwanawe, duka la kwanza lilikataa kumchukua mtoto huyo kubeba mizigo, kwa sababu alivuta pumzi alipoulizwa kama ana nguvu. Alipomrudisha chumbani alisaga pilipili. Kila mara mtoto aliposema neno la korongoni, alimpaka pilipili ulimini. "Alilia kwa lugha yetu," alisema, "mpaka akajifunza kulia kwa ile nyingine. Baada ya hapo duka lilimchukua. Sasa duka ni lake. Nilifanya kosa gani? Niambie, wewe usiyesikia."

Ndekwa alimpangusa mgongo, akamvisha, akatoka na beseni.

Chande alikuja kila jioni kabla ya chakula. Alikaa karibu na miguu ya mama yake. Mama alisema naye. Alimuuliza kama amekula, kwa nini amekonda, kama bado ana hasira naye. Chande alitazama dirisha. Mara nyingine alisema kwa Kiswahili, "Pumzika, mama, pumzika," kama tunavyomwambia mtu anayeweweseka. Ndekwa alifikiri kwamba pengine pilipili ilifanya kazi yake yote, na mtu yule kweli hasikii tena. Jioni moja Chande alikuwa amechoka, kichwa kimeinama, na Ndekwa akauliza kutoka nyuma yake, "Nimfunike shuka jingine, bwana?"

Chande akavuta pumzi katikati ya meno.

Kisha akashtuka, akasema, "Ndiyo. Ndiyo, mfunike."

Ndekwa akamfunika. Akafahamu kwamba katika chumba kile wako watatu wenye lugha moja, na kwamba wawili kati yao wameajiriana ili isisemwe.

Ugonjwa uliongezeka wakati wa kiangazi. Siku ambayo Bi Mkubwa alikufa ilikuwa siku ya kawaida. Ilikuwa adhuhuri, na mafundi walikuwa wanapigilia mabati nyumba ya jirani. Bi Tausi aliona pua ya mgonjwa imekaza, dalili ya mtu anayekata roho, akatuma mtu dukani kumwita Chande, naye akaja upesi na kukaa mahali pake karibu na miguu. Ndekwa alikuwa upande wa kichwa. Bi Tausi alisimama mlangoni na bakuli la maji na kijiko.

Hapa lazima nieleze desturi ya watu wale, kwa sababu mjini haijulikani. Nyumba za korongoni zimejengwa juu ya ukingo, na mbele ya kila mlango kuna njia nyembamba ambayo watu wawili hawapishani. Kwa hiyo hakuna anayetoka ndani bila kuita kwanza, "Nani yuko njiani?" Aliye nje humjibu, "Nipo. Pita," naye husimama pembeni mpaka mwenzake apite. Mtu asipojibiwa hatoki. Na mtu anayekufa huita vivyo hivyo. Aliye karibu humjibu, awe ndugu au mgeni, awe amegombana naye au la, kwa maneno yale yale na kwa lugha ile ile. Wanaamini kwamba asiyejibiwa hubaki amesimama mlangoni, ndani hayumo na nje hayumo, akisubiri.

Bi Mkubwa akafungua macho, akaita, "Nani yuko njiani?"

Ndekwa akamtazama Chande. Ilikuwa haki yake kujibu, alikuwa mwana. Nyumba ilikuwa yake, lango lilikuwa lake, na hakuna mtu ambaye angemfukuza. Chande alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Mafundi waligonga bati, wakanyamaza, wakagonga tena.

Mama akaita mara nyingine, kwa sauti ndogo zaidi. "Nani yuko njiani?"

Neno lilipanda mpaka kwenye meno ya Ndekwa. Alilihisi. Aliwaona watoto wake wamekaa kusubiri wengine wamalize kula. Aliwaza kwamba Bi Tausi yuko mlangoni, na kwamba Bi Tausi ana masikio. Akawaza pia kwamba mwana atajibu sasa hivi, kwamba hakuna mwana asiyejibu, kwamba yeye akisubiri kidogo tu hatalazimika. Akasubiri. Na Chande, upande wa pili wa kitanda, midomo yake ilitikisika, akatupa jicho mlangoni kwa msimamizi wake, kisha kwa muuguzi wake mwenye Kiswahili safi, akaifunga midomo.

Ndipo Bi Mkubwa akasema, si kwa kuita tena, bali kama mtu anayeuliza jambo ambalo ameanza kulifahamu: "Kwani hakuna mtu?"

"Maskini, anaomba maji," alisema Bi Tausi. Akaingia, akamtilia kijiko cha maji mdomoni. Alifanya kwa huruma. Asihukumiwe kwa hilo. Maji yalimiminikia upande uliopooza, yakashuka mpaka shingoni, na hayakumezwa.

Alizikwa kesho yake, na watu wengi walihudhuria. Walisema maneno mazuri juu yake, na yote yalikuwa kwa Kiswahili. Baada ya matanga kuisha, Chande alimwita Ndekwa barazani. Ndekwa alijua kwamba kazi yake imekwisha pamoja na mgonjwa. Lakini Chande hakumwachisha kazi. Alisema kwamba wajukuu zake wanahitaji mtu wa kukaa nao, mtu wa adabu, ambaye watajifunza kwake kusema vizuri. Alimtazama kwa muda. Pengine alitaka kumuuliza jambo. Kisha akasema neno ambalo ndilo ninalotaka mlikumbuke katika habari hii:

"Umekaa na mama yangu mpaka mwisho, Zamda, na sijakusikia ukikosea hata neno moja."

"Ahsante, bwana," alisema Ndekwa.

Akaichukua kazi. Alipanga chumba kikubwa zaidi, akawaleta watoto wake mjini, akawapeleka shule. Yule mtoto mkubwa alipomsalimu kwa lugha ya korongoni mbele ya majirani, Ndekwa alimfinya mkono, na yule mdogo aliyeona alijifunza bila kufinywa. Sasa wanasema Kiswahili kisicho na lafudhi ya popote. Walimu wanawasifu. Hakuna duka litakalowakataa kwa ajili ya pumzi yao, na mama yao analala akiwa ameshiba.

Lakini Ndekwa naye atazeeka, na kwa kuwa ni mtu, siku moja atalala akitazama dari, na lugha zote alizojifunza zitamtoka moja baada ya nyingine mpaka ibaki ile ya kwanza. Ataita kama walivyoita kwao. Ninyi mnaofungua malango na kuweka masharti, na ninyi mnaoyatimiza kwa ajili ya watoto wenu, nawauliza pamoja: siku hiyo mtakuwa mmembakishia nani wa kumwambia apite?